Sauti ya Kuazima

Mwaka 1987 redio ya mjomba wangu ilirusha wimbo wa Waingereza wawili waitwao Pet Shop Boys. Katikati ya mashine zao zinazopiga ngoma pasipo mpigaji, ikaingia sauti ya mwanamke. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu aliyemaliza kulia kabla hajaja kuimba. Niliapa kwamba huyo ni Mmarekani mweusi. Miezi mingi baadaye, baharia mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha picha yake kwenye jalada la kanda: Mzungu wa London, nywele za dhahabu zimefutuliwa juu mfano wa kilemba, macho yamezama katika wanja. Jina lake Dusty Springfield. Tangu siku hiyo sijapona.

Soul maana yake ni roho. Ni muziki uliotoka katika kwaya za makanisa ya Wamarekani weusi, ukayavua maneno ya dini na kuvaa ya mapenzi, walakini pumzi ikabaki ile ile. Mjini Detroit, mwaka 1959, Berry Gordy aliuanzishia kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Motown, na studio yake ikawa ndani ya nyumba ya kawaida ya kuishi. Ng'ambo ya bahari vijana wa Kiingereza wakaupokea kwa kiu. Sahani ya pili ya Beatles, iliyotoka Novemba 1963, ina nyimbo 14, na tatu kati ya hizo asili yake ni nyumba ile ya Detroit.

Hapo ndipo penye ugomvi, na si ugomvi mdogo. Wimbo unaporekodiwa upya na mwingine, mtunzi hulipwa. Mwimbaji wa kwanza, aliyeupa wimbo uhai wake, hapati kitu katika sahani hiyo mpya. Waimbaji weusi wa Marekani waliyajua machungu hayo tangu miaka ya 1950, Wazungu walipokuwa wakiziimba upya nyimbo zao na kuzifikisha kwenye redio ambazo wao wenyewe hawakufunguliwa mlango. Anayesema kwamba muziki hauna mwenyewe, aghalabu ni yule aliyekwisha kuuchukua.

Lakini Dusty simtii katika kapu hilo, na sababu ninazo. Mwaka 1965 Motown ilipeleka wanamuziki wake Uingereza, na katika miji mingi kumbi zikawa na viti vitupu. Dusty, aliyekuwa kipenzi cha umma wakati ule, akawa mwenyeji wa kipindi maalumu cha televisheni kilichorushwa mwezi Aprili mwaka huo. Supremes, Temptations, Miracles, Martha Reeves na wenzake, na Stevie Wonder aliyekuwa na miaka 14 tu, wote wakaingia katika sebule za Waingereza kwa mkono wake. Aliyeazima mahadhi aliwaleta wenye mahadhi, akawakaribisha mbele ya kamera.

Miezi michache kabla ya hapo alikuwa Afrika Kusini. Mkataba wake ulikuwa na sharti kwamba hataimba mbele ya watu waliotengwa kwa rangi. Karibu na Cape Town akauimbia ukumbi uliochanganyika, na Desemba 1964 serikali ya makaburu ikamfukuza nchini. Kwangu hilo lina uzito kuliko tuzo zake zote.

Wasomaji wa visiwani, najua, wameshaanza kunong'ona: mbona humtaji wetu? Namtaja. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na akajulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alimhusudu Aretha Franklin bila kuficha, na wimbo wake wa mwaka 1976, "Somebody to Love", umejaa kwaya ile ya kanisani. Basi naye pia aliazima.

Deni hilo lililipwa, na malipo yake yakawa jawabu. Mwaka 1965 Rolling Stones walitoa "Satisfaction"; Keith Richards alilidhania gita lake kuwa limeshika tu nafasi ya tarumbeta. Mwaka ule ule Otis Redding akauimba, akaziweka tarumbeta zenyewe, na wimbo ukageuka kana kwamba ulizaliwa Memphis. Januari 1970 Aretha alitoa "Let It Be" katika sahani yake, wiki kadhaa kabla Beatles wenyewe hawajautoa. Sisi tuliolelewa na habari za Muyaka akijibizana na malenga wa Lamu hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hilo: unalichukua shairi la mwenzio, unashika vina vyake, unamrudishia likiwa limebeba zaidi.

Nimefanya kazi ya kufasiri mashairi kwa miaka mingi, bila kufundishwa na mtu. Zamani mwenzangu mmoja alisoma tafsiri yangu akaniambia, "Sauti hii si yako." Hakuwa mkali, alisema kama anayenionyesha uzi uliochomoza kwenye kanzu. Nikaitia karatasi ile katika mtoto wa meza. Ndiyo maana kisa cha Memphis hunigusa.

Septemba 1968 Dusty alikwenda huko kurekodi kwa Jerry Wexler, mtayarishaji aliyefanya kazi na Aretha, pamoja na Tom Dowd na Arif Mardin. Wanamuziki wa studio ile walikuwa mafundi hasa. Wakapiga. Dusty akasimama mbele ya kinasa sauti, na sauti haikutoka. Alijua fika ni nani na nani walioimba na mafundi wale kabla yake, na nyimbo zao alizipenda mno kiasi cha kuona haya. Wimbo mmojawapo ulipelekwa kwanza kwa Aretha, binti wa mhubiri, akaukataa: nao unahusu mtoto wa mhubiri. Sauti tunayoisikia leo katika "Dusty in Memphis" ilirekodiwa New York baadaye, muziki ukimvumia masikioni kwa nguvu, asijisikie mwenyewe.

Sahani ikatoka mwaka 1969, haikuuzwa sana. Leo wajuzi wanaihesabu miongoni mwa bora za karne ile. Yeye alifariki tarehe 2 Machi 1999.

Huisikiliza usiku, watu wakishalala. Hunisimamisha pale anaposhusha sauti, ambapo Aretha angeipandisha. Hakuthubutu kumfuata kule juu, akakaa chini, na huko chini hakuwa na mtu ila yeye. Juzi nilifungua ule mtoto wa meza. Karatasi imepiga manjano na kutu ya pini imeacha alama, lakini beti zote nane zasomeka. Nimebadilisha neno moja katika ubeti wa tatu.