Herufi Tatu Juu ya Robo Peni

Jembe la trekta likipita kwenye mashamba ya Uingereza, hufukua vipande vyembamba vya shaba, vingine havizidi ukucha wa kidole gumba. Mwenye detekta ya metali akikifuta kimoja udongo, haoni uso wa mfalme. Anaona herufi tatu, picha ya nguva au ya kinu cha upepo, na jina la mwenye duka. Hiyo ni tokeni ya biashara, iliyotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1640 hadi 1672.

Tokeni hizi zilizaliwa na uhaba wa chenji. Nusu peni ya fedha ilikuwa ndogo mno, ikipotea kwa urahisi. Mwaka 1613 Mfalme James I alimpa Lord Harington leseni ya kutoa robo peni za shaba, lakini zilikuwa nyepesi, zikaghushiwa, watu wakazichukia, na Bunge likazikomesha 1644. Mfalme Charles I alipokatwa kichwa Januari 1649, haki ya kifalme ya kutoa sarafu ikakosa mtetezi. Waoka mikate, wauza viungo na wenye vilabu vya pombe wakaagiza zao wenyewe.

Ufunguo wa kuzitambua umo katika zile herufi. Ya juu ni ya ukoo. Mbili za chini ni za mume na mkewe. B juu, T na M chini, yaweza kuwa Thomas na Mary. Hapa ndipo zinaponigusa zaidi. Kwa sheria ya wakati ule mali ya mke ilihesabiwa kuwa ya mumewe, na bado herufi ya mwanamke huyo iligongwa kwenye shaba, ikapita mikononi mwa mtaa mzima. Wajane nao walitoa tokeni kwa majina yao.

Kutoka hapo mtafiti hufungua orodha ya William Boyne ya 1858, iliyopanuliwa na George Williamson mwaka 1889 hadi 1891, kisha daftari za ndoa na ubatizo za parokia, au orodha za kodi ya meko iliyoanza 1662. Umbo nalo husaidia: zenye umbo la moyo au pembe nane kwa kawaida ni za miaka ya mwisho, kabla Charles II hajatoa sarafu zake za shaba na kuzipiga marufuku tokeni 1672.

Tokeni ilipokelewa karibu na duka lake tu, kwa hiyo mahali ilipookotwa ni nusu ya habari yake. Ikiuzwa bila mahali kuandikwa, nusu hiyo haipatikani tena. Mpango wa Portable Antiquities Scheme, ulioanza 1997, huandikisha vitu vinavyookotwa na wananchi wa Uingereza na Wales. Lakini tokeni moja ya shaba kwa kawaida si hazina kwa Sheria ya Hazina ya 1996, na mwokotaji halazimiki kuipeleka. Maofisa wa mpango huo humwomba tu, na wengi huitikia.