Askari wa Dar es Salaam katika Sinema za Berlin

Sisi wa Ipuli tuzungumzapo habari za zamani za Wadachi, hatukosi kuitaja ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye sura ya tembo, iliyopigwa hapa Tabora mwaka 1916, kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwezi wa Septemba. Basi leo twataka kueleza habari za askari mmoja wa jeshi hilo, aliyevuka bahari kwenda kudai mshahara wake.

Jina lake Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Baba yake alikuwa askari, Msudani kwa asili, na vita vilipoanza mtoto naye akaingia jeshini, hali hajatimiza miaka 11! Oktoba 1917 alijeruhiwa huko Mahiwa, upande wa Lindi, akashikwa na Waingereza. Baadaye alitumika melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake. Wakubwa wa serikali wakamjibu kwamba amechelewa.

Hakurudi. Alifanya kazi ya kuandalia watu chakula, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu, akaoa mwanamke wa Kidachi mwaka 1933. Huko alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Tangu 1934 akaingia katika sinema, akaonekana katika picha zaidi ya 20. Usidhani alikuwa bwana wa michezo hiyo. Mara nyingi alipewa nafasi ya mtumishi, aje, ainame, atoke.

Nafasi iliyo kubwa kupita zote aliipata katika picha ya Carl Peters, ya mwaka 1941. Mchezaji mashuhuri Hans Albers alikuwa Peters, na Husen akawa Ramasan, kiongozi wake wa njia. Nasi twajua kwamba Peters huyo wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Katika picha amefanywa shujaa.

Mwaka uo huo Husen alikamatwa na polisi wa siri, kwa kuwa alikuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo lenye uso wa shaba katika mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba alimokaa, nalo lina jina lake.