Kuopoa Filamu: Dhidi ya "Toleo Jipya"

Filamu kongwe inapotolewa ghalani, ikafutwa mikwaruzo, ikarekebishwa rangi na sauti, kisha ikauzwa tena kwa diski za kutazamia nyumbani, waandishi wengi wa Kiswahili huita matokeo yake "toleo jipya". Hiyo ni istilahi ya uvivu. Mnunuzi wa Rumonge, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, akiambiwa kuna toleo jipya la filamu ya zamani, ana haki ya kutarajia waigizaji wengine, au walau mwisho mwingine. Anachopata ni filamu ileile, ila sasa nyuso zinaonekana. Baya zaidi ni "urekebishaji upya wa kidijitali wa kazi za sauti na picha", maneno ambayo mtu mmoja hawezi kuyatunga. Ni lazima kikao kikae.

Neno linalofaa ni kuopoa. Ndoo iliyokatika kamba huopolewa kisimani. Wavu uliozama huopolewa ziwani. Kitenzi hiki kimoja kinasema kitu kilikuwepo, kikazama, na kimetolewa kikiwa kilekile. Kufufua hakufai, kwa kuwa filamu iliyolala ghalani haijafa. Kukarabati ni kwa paa na injini. Kurejesha huacha swali: kwa nani? Kimaumbo, opoa limekaa safu moja na chomoa, ng'oa, fukua na zibua, vitenzi vya kutoa au kufungua kilichokwama. Wanaolikataa kwa hoja kwamba shina "opa" halisikiki leo wakumbuke kuwa ng'oa nalo halina "ng'a" inayolizaa, na hakuna aliyeacha jino bovu kinywani kwa sababu hiyo. Hoja nyingine, kwamba mitaani vijana "huopoa" wachumba, haistahili jibu, ingawa hutolewa kwa sauti kubwa na watu wenye shahada.

Ushahidi umo ndani ya Ziwa Tanganyika lenyewe. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande na kuunganishwa tena Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa hata ziwani humo. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito ili maji yasiile. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hakuna aliyeiita meli mpya, wala toleo jipya la meli.

Vita hivyo vya ziwani ndivyo vilivyompa C. S. Forester riwaya yake ya mwaka 1935, ambayo John Huston aliigeuza filamu mwaka 1951, The African Queen, akiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu kubwa ilipigwa Uganda na Kongo. Kamera ya Technicolor ilinasa kila picha kwenye mikanda mitatu isiyo na rangi, kila mmoja ukibeba sehemu yake ya mwanga. Mikanda hiyo ikizeeka hunywea kwa viwango tofauti, na rangi huachana pembezoni mwa nyuso. Wataalamu waliipitisha mikanda hiyo kwenye skana, wakailinganisha upya kwa kompyuta, na mwaka 2010 filamu ikatoka Marekani kwa DVD na Blu-ray. Huko ndiko kuopoa: mikanda mitatu, na grisi yake ilikuwa ghala lililotunzwa.

Kwa matumizi: kazi ni uopoaji, fundi ni mwopoaji, na kwenye jalada iandikwe "nakala iliyoopolewa" pamoja na mwaka. "Toleo jipya" libaki kwa filamu iliyoigizwa upya. Na zamu ya Gito l'ingrat itakapofika, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, aliyoitengeneza Léonce Ngabo mwaka 1992, wenye kalamu waombwe mapema: kikao kisiitishwe.