5H-MOG, ndege tuliyoipungia mikono

Huku kwetu Singida wapo wazee ambao hadi leo wanasema "ndege amepita", hata kama kilichopita ni chuma chenye injini nne. Walimu wa Kiswahili huwasahihisha: mwenye manyoya ametua, ya abiria imetua. Sibishani na sarufi. Ila nikisoma habari za ndege kubwa za miaka ya sitini na sabini, naanza kuwaelewa wazee. Kuna ndege ambazo watu walizitazama kama viumbe, na kuziita "ametua" si kosa kubwa hivyo.

Mzee mmoja wa Kiomboi, ambaye ujana wake aliutumia kwenye vibarua vya Nairobi, alinisimulia kwamba Jumapili yake ilikuwa Embakasi. Si kusafiri, maana nauli ya ndege angeipata wapi? Alikwenda kutazama. Uwanja ule ulikuwa na roshani ya kupungia wasafiri mikono, na watu walipanda huko na watoto wao, na mkate wao, na soda, wakashinda pale. Wengi hawakuwa na ndugu ndani ya ndege yoyote. Walipunga tu, wakipungia dirisha lolote.

Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Sehemu ya kazi ya kuujenga ilifanywa na wafungwa wa Mau Mau, kwa lazima. Nalitaja hili kwa sababu masimulizi ya raha za viwanja vya ndege huwa yanaliruka. Familia zilizopanda roshani zikiwa zimevaa nguo za kanisani zilikuwa zinatazama lami iliyomwagwa na watu waliofungwa kwa kudai ardhi, tena miaka michache tu nyuma.

Ndege yenyewe iliyomkaa mzee huyu moyoni ilikuwa Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana chombo hiki kinastahili maelezo. Kilikuwa na urefu wa mita 52 na ushee, na injini zake nne za Rolls-Royce Conway zilifungwa zote mkiani, mbili kila upande. Mabawa yakabaki matupu, safi, yakifanya kazi moja tu ya kunyanyua. Sababu yake ni viwanja kama hivyo vya kwetu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mchana jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, hivyo ndege nzito hukimbia sana kabla ya kuinuka. Waingereza walipoichora VC10 walikuwa na viwanja vya aina hiyo akilini, vya joto na vya juu. Kwa hiyo mtu aliyesimama Embakasi akaiona ikinyanyuka alikuwa ameiona mahali ilipokusudiwa hasa. London walikuwa wanaiona ikiwa safarini tu, ukipenda kusema hivyo.

Na kelele zake, jamani. Mzee alisema ulikuwa unazisikia kifuani kabla ya masikioni.

Shirika lilinunua tano, kuanzia mwaka 1966. Boeing 747 ilikuwa bado haijaanza kubeba abiria (ilianza Januari 1970), kwa hiyo VC10 ilikuwa miongoni mwa ndege kubwa kabisa za abiria duniani, na sisi tulikuwa nazo. "Sisi" hapo ni nani? Tazama namba za usajili. Mbili zilisajiliwa Uganda, 5X-UVA na 5X-UVJ. Moja Kenya, 5Y-ADA. Mbili Tanzania, 5H-MMT na 5H-MOG. Herufi ziligawanywa kama nyama ya arusi, kila nyumba ipate chake. Mzee aliniambia yeye na Watanzania wenzake walijifunza kutafuta 5H, na wakiiona wanapunga kwa nguvu zaidi. Hii ni yetu, walisema. Lakini karakana ilikuwa Nairobi. Makao makuu Nairobi. Kwenye lami zote zililala pamoja, na herufi haikuweza kuiondoa ndege pale ilipoegeshwa.

Moja haikufika mwisho wa safari. Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa ikiondoka Addis Ababa kwenda Ulaya. Gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoshwa na ndege ndogo, likapasuka. Rubani akajaribu kusimama, barabara ya kurukia ikamwishia. Walikuwemo watu 107. Walikufa 43.

Zilizobaki nne ziliuawa na makaratasi. Nchi tatu zilidaiana, kila moja ikasema mwenzake halipi fungu lake, na mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika likasimama. Kenya ikaunda lake, Tanzania ikaunda Air Tanzania mwezi Machi, na mpaka wa Namanga ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mzee wangu alikuwa amesharudi Iramba kwa bahati tu. Mali za Jumuiya zilipokuja kugawanywa rasmi Arusha, Mei 1984, Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Zile VC10 hazikuwepo tena za kugawana. Zilikuwa zimesharudi Uingereza, kwa watengenezaji waliokuwa wakidai.

Huko hazikufa. Jeshi la Anga la Uingereza lilizichukua zote nne, likang'oa viti, likaweka matangi, likazifanya za kunywesha ndege nyingine mafuta angani. 5H-MMT ikawa ZA147. 5H-MOG ikawa ZA150. Viti walivyoagia watu wa Dar na Kampala wakienda masomoni vikapisha mafuta ya kivita.

Mwaka 2018, Julai, Boeing 787 ya Air Tanzania ilipotua Dar es Salaam, Rais Magufuli alikuwa uwanjani kuipokea, na huku Singida tuliitazama kwenye runinga za vibandani. Kijana mmoja kando yangu akasema hatujawahi kuwa na ndege kubwa namna ile. Kwa kweli 787 ni kubwa kuliko VC10. Lakini ile "hatujawahi" ilinikera, nikaanza kumweleza, naye akanitazama kama mtu anayesimulia ngano.

Kati ya VC10 zote zilizoundwa duniani, ambazo ni 54, ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ilikuwa 5H-MOG. Na Septemba 2013, Waingereza walipozistaafisha rasmi, iliyotua ya mwisho kabisa ilikuwa ZA147, yaani ile 5H-MMT, katika uwanja wa Bruntingthorpe. ZA150 ilitua Dunsfold, kusini mwa London, ikahifadhiwa kama mali ya makumbusho. Kwa siku maalumu wamekuwa wakiziwasha injini zake, na watu wa kule wanakuja na watoto na kamera, wanasimama mbali kidogo kwa ajili ya kelele, wanatazama.

Nilimwonyesha mzee picha yake kwenye simu, ikiwa na rangi ya kijivu ya kijeshi. Aliishika simu karibu na macho kwa muda mrefu, akauliza kama bado anaruka. Nikamwambia haruki tena.