Baiskeli Haina Konda

Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Phoenix yake nayo ilitoka Shanghai. Kila alfajiri aliondoka nayo Magomeni, akifuata Barabara ya Morogoro. UDA ilianzishwa 1974, mabasi hayakutosha. 1983 daladala zikaruhusiwa, mzee bado yuko juu ya baiskeli. "Haina konda hii," alikuwa akisema.

Aliponiachia, alinipa somo moja tu: "Macho yanaona mbele, mwanangu. Nyuma sikiliza."

Leo naendesha barabara ileile, ila naelekea Posta. Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia yake katikati. Mimi nabanana na bodaboda pembeni. Mwezi uliopita, pale Jangwani, kioo cha gari kilinigonga kiwiko. Nilikuwa na muziki masikioni, sikusikia kitu. Sikuanguka, lakini nilitetemeka hadi Fire.

Historia ya usafiri wa Dar tunaisimulia kwa mabasi. Mzee hakukata tiketi, basi humkuti humo. Mimi nimemkuta kwenye lile somo lake. Siku hizi simu inakaa mfukoni.