Hata Shibiri Haikutimia

  Walio nyuma wasogee karibu na redio. Leo tutasoma habari za mwana wa Singida, Bwana Alphonce Felix Simbu, aliyezaliwa mwaka 1992.

Kwanza kumbukeni jambo la nyumbani. Akina mama wawili wakitwanga mtama katika kinu kimoja, mchi wa mmoja hushuka wakati wa mwenziwe unapanda. Je, kila mmoja hungoja kwanza aone kinu ki wazi? La. Angengoja, michi ingegongana. Yeye hukadiria, na mkono huanza mapema. Sababu ni hii: tangu jicho lione mpaka mwili uanze kutenda, hupita kama sehemu ya tano ya sekunde.

Basi twende Tokyo, Japani, tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya riadha. Mbio ni marathoni, kilometa 42 na mita 195. Mkimbiaji mmoja wa Kenya aliondoka kabla ya ishara. Alikadiria, lakini aliwahi mno. Wote wakarudishwa, wakaanza upya.

Mwishoni Mjerumani, Amanal Petros, alikuwa mbele uwanjani. Simbu hakukata tamaa. Alimfuata, akamfikia karibu kabisa na mstari. Wote wawili waliandikiwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe. Simbu alikuwa ameshinda kwa sehemu 3 tu katika sehemu 100 za sekunde. Mtu akikimbia mita 6 kwa sekunde, muda huo ni sentimita 18. Hata shibiri haitimii! Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1983.

Mshindi huamuliwa kwa kiwiliwili, si kwa mguu wala kichwa. Kwa hiyo mkimbiaji huinamisha kifua mstarini. Akiinama mapema, hupoteza mwendo. Akingoja auone mstari chini yake, amekwisha chelewa, maana katika ile sehemu ya tano ya sekunde hupita zaidi ya mita moja. Lazima akili itangulie miguu, hata baada ya saa 2 za kuchoka.

Sasa zungumzeni: ni kazi gani kijijini kwenu inayotaka mkono uanze kabla ya jicho kuhakikisha? Kisha kila mmoja aandike sentensi 3 katika daftari lake. Kwaherini.