Mafuta, Chumvi na Moyo Kusini mwa Nyanza

Mwaka 1929 daktari Mwingereza C. P. Donnison, aliyehudumu Kavirondo, jina la kikoloni la eneo la Nyanza ambalo upande wake wa kusini ulijumuisha Homa Bay na Migori za leo, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakukutana na hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Baadaye, katika kitabu chake cha 1937, alilitaja shinikizo hilo kuwa tunda la ustaarabu, dhana yenye majivuno ya zama zake. Aidha, hesabu ya wodini haimjui mzee aliyepooza kwa shinikizo hilo akabaki nyumbani.

Miaka ya 1950 Ancel Keys wa Marekani alipoyahusisha maradhi ya moyo na mafuta ya wanyama, kwa hoja kwamba huongeza lehemu, yaani kolesteroli, ambayo ni aina ya mafuta ya damuni inayoweza kuganda katika kuta za mishipa, Afrika Mashariki iligeuzwa ushahidi. Mwaka 1959 Shaper na Jones waliripoti kutoka Kampala kwamba Waafrika walikuwa na lehemu ndogo kuliko Waasia, ambao ndio waliougua moyo. Hata hivyo, mwaka 1964 George Mann aliikuta lehemu ndogo pia kwa Wamaasai wa Tanganyika, ndugu wa wale wanaopakana na Migori, ingawa walishinda kwa maziwa na nyama. Wala chungu cha Wajaluo wa Nyanza hakikukosa mafuta ya wanyama, kwa kuwa mboga chungu ziliungwa kwa maziwa na kwa mo alenya, yaani samli.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulihusu chumvi. Neil Poulter na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 1990, waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Viktoria kwenda Nairobi, wakaona shinikizo likipanda mapema baada ya kuhama, huku mkojo ukionyesha sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi, imeongezeka.

Kusini mwa Nyanza mabadiliko yaliwafuata watu nyumbani: sukari ya Awendo, tumbaku ya Kuria, na mgongo wazi, mifupa ya samaki aitwaye mbuta iliyobaki viwanda vilipochukua minofu, ikakaangwa kwa mafuta. Kuanzia 2013 mradi wa utafiti wa SEARCH ulipima shinikizo la damu pamoja na VVU katika vijiji vya kaunti za Homa Bay na Migori, na waliokutwa nalo wakaelekezwa kliniki.